Hatua Sitini Kaskazini mwa Zizi

Jumatatu, 5 Agosti

Felisita ana wiki ya tatu yuko kwao. Kisa cherehani. Nilibadilishana na jamaa wa stendi, akanipa jenereta. Jenereta zuri, jekundu. Ndani hakuna injini. Mimi nikaona ni bahati mbaya. Yeye akaona tatizo ni mume. Kafunga khanga zake, kapanda basi la Dutwa, kaniachia sufuria moja na ujumbe kwa jirani: atarudi siku nitakayofanya jambo moja likafanikiwa. Moja tu. Hakusema liwe kubwa.

Leo shemeji Paschal, mdogo wake, kaja Bariadi kununua betri za redio. Kanikuta kwa Mama Ernestina nakunywa chai. Ananipa habari za ukweni. Mama mkwe anachimba kisima. Mafundi wameshapatikana, ujira wao maksai mmoja kwa shimo moja. Maji yatoke yasitoke, maksai anaondoka. Na mama ana maksai wawili tu, jozi ya plau. Kwa hiyo shimo halitakiwi kukosea. Ameitwa Mzee Mayige na kijiti chake cha panda aje aonyeshe maji yalipo.

Mayige! Yule aliyewaonyesha watu maji mwaka jana, wakachimba, wakakuta mchwa!

Nikawaza. Nikionyesha mimi, maji yakatoka, hilo si ndilo jambo moja? Mama Ernestina akadakia. Yeye anawauzia chai watumishi, anaijua serikali kuliko diwani. Akasema kule ofisi ya maji kuna mafaili ya kila shimo lililotobolewa mkoa huu tangu miaka ya sabini. Lenye maji na lisilo na maji.

Nikaagiza kitumbua cha pili.

Jumanne, 6 Agosti

Nimeenda. Anayekaa na mafaili ni Bwana Hemed, mtu wa Tanga, mpole, maneno yake yanatoka yamepigwa pasi. Kanikaribisha kiti. Nikashusha sauti, nikamwambia nataka yale mafaili ya mashimo. Yeye kwa sauti ya adhana akauliza ya kijiji gani. Ofisi nzima imesikia! Nikamkanyaga mguu chini ya meza anyamaze. Ulikuwa mguu wa meza.

Akasema niandike barua. Jina, anuani, ninachotaka. Basi. Nikauliza bei. Akasema hakuna bei, ndugu yangu, hizo ni taarifa za wananchi, sheria ipo, labda nilipie kutoa kopi. Nikamkonyeza. Akauliza kama nimeingiwa na mdudu jichoni, akaniletea maji.

Mtu huyu mgumu. Atakuwa anataka kitu kikubwa.

Jumatano, 7 Agosti

Nimepeleka barua na tetea mmoja. Barua niliipa kichwa: OMBI LA SIRI. Hemed akakata neno SIRI kwa kalamu nyekundu. Nikaeleza kwa kirefu kwamba natafuta taarifa hizi kwa ajili ya shughuli za kanisa. Akasema sababu hata hajaniuliza.

Hemed akamkataa tetea. Wakati tunabishana, tetea akatoka kwenye mfuko, akaruka juu ya mafaili ya Maswa, akagoma kushuka. Mabosi wawili wamemfukuza kwa rula. Hemed akanirudishia mwenyewe, kamshika vizuri, kafunga na miguu. Akasema kwa sheria jibu linaweza kuchukua hata siku thelathini, ila hili jepesi, nije Ijumaa.

Tetea kala sehemu ya barua ya mtu. Sijui ya nani.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Ofisi zimefungwa. Nimeenda Nyakabindi kwenye maonyesho. Kuna banda wanagawa vipeperushi bure, kilimo bora cha alizeti. Nikachukua ishirini. Nikasimama getini, nikawa nabadilisha na wanaoingia: kipeperushi kimoja, pingili moja ya muwa. Biashara ilikwenda vizuri mpaka wa kwanza walipofika bandani.

Nimetokea geti la nyuma. Miwa sita.

Ijumaa, 9 Agosti

NIMEPATA! Karatasi tatu. Mradi wa visima vifupi, 1976. Mashimo ya majaribio ya kitongoji cha kina Felisita, yote kumi. Tisa yameandikwa: kavu, kavu, chumvi, mwamba, kavu. Shimo namba saba: "Hatua sitini kaskazini mwa zizi la Mayunga. Maji mita saba. Matamu. Mengi."

Mayunga! Huyo ni marehemu baba mkwe! Serikali imeliandika zizi la ukweni kwangu kwa jina! Nilitaka kumbusu Hemed. Akarudi nyuma.

Kaniambia nikaisome na wenyeji, wale wazee wa pale pale, karatasi ni ya zamani. Nikamwambia ndiyo, ndiyo. Nikamwomba kitu kimoja tu: mtu mwingine akija kuomba, amwambie faili limeliwa na panya. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema yeyote akija atapewa, hata kesho, hata nakala kumi.

Ajabu ya serikali. Ina dhahabu, inaimwaga barabarani. Nisome na wenyeji! Nikiisoma na wenyeji, mimi nitakuwa nani pale?

Karatasi nimeziweka ndani ya soksi.

Jumapili, 11 Agosti

Nimefika ukweni mchana, kwa baiskeli ya kukodi. Mwangaluka zangu, salamu zetu za asubuhi, zilikuwa za kuchelewa, maana jua lilikuwa utosini. Mama mkwe anaitwa Minza lakini mimi simtaji, namwita mayu, yaani mama, tena nikiangalia pembeni, ndiyo adabu yetu kwa mkwe. Ng'ombe wameenda machungani. Felisita kanisalimia kwa goti, ila goti lenyewe halikugusa chini.

Mayige yupo. Kakaa kwenye kigoda changu cha siku zote, anatafuna michembe ya viazi vikavu, kijiti chake mapajani. Kasema kijiti kimeshalala chini mara tatu ndani ya ngitili, pale wanapotunza majani ya akiba, maji yapo hapo. Akaniuliza mkwe nimekuja na jenereta? Wote wamecheka. Paschal alicheka sana kuliko inavyohitajika.

Nikasubiri wamalize. Nikatangaza kwamba nimeota. Nimemwota marehemu Mzee Mayunga, kanionyesha maji.

Hata Mayige kaacha kutafuna.

Nilidhani nimemaliza kazi. Mama mkwe akauliza, kupitia kwa Felisita, marehemu alikuwa amevaa nini. Nikasema koti. Akauliza koti gani. Nikasema jeusi. Akasema marehemu hakuwahi kuwa na koti jeusi. Nikasema huko aliko kapewa. Akauliza tena: miaka kumi na moja mimi mkewe hajanitokea hata siku moja, kapita nyumba hii, kaenda Bariadi mjini kumtokea mkwe? Nikasema labda aliona mayu amechoka, hakutaka kumwamsha.

Akauliza marehemu alisema maji yapo wapi, akipimia kutoka wapi.

Hapo nikawa mwerevu. Nikisema zizi, kesho kila mtu anahesabu hatua, Mayige wa kwanza. Nikasema hakupimia kutoka popote. Alinyoosha kidole tu.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeamka alfajiri kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Mwalimu wa darasa la tano alitufundisha: tazama jua linapotoka, kaskazini ni mkono wa kushoto. Elimu haiozi. Nikaanzia mlango wa zizi, nikahesabu sitini. Hatua ya arobaini na tano niliingia kwenye miiba. Ya hamsini suruali ilibaki. Ya sitini nikachomeka kijiti, nikakifunika na mavi makavu ya ng'ombe.

Paschal alinikuta narudi. Akauliza kwa nini naenda chooni nahesabu. Nikasema ni sala.

Saa nne nikafanya kazi mbele ya watu. Ungo mpya, unga wa mtama, macho nimeyageuza. Nazunguka, namwaga unga. Mbuzi wananifuata wanalamba. Nikaanguka juu ya kile kijiti, nikatetemeka, nikasema hapa. Kijiti kilinichoma ubavu, kutetemeka hakukuwa kwa uongo.

Mayige akasema nimecheza vizuri, mashindano ya ngoma ya Bulabo yamenikosa, lakini maji yako kwenye ngitili.

Mama mkwe hakuamua. Felisita akanifuata nyuma ya ghala. Akaniuliza taratibu, bila matani, kama nina uhakika. Akasema wale maksai wawili ndiyo kilimo cha mama. Mmoja akienda bure, pamba ya msimu ujao haipo. Nikamwambia nina uhakika kuliko ninavyolijua jina lake. Halafu akaenda kunisemea kwa mama yake. Mara ya kwanza tangu cherehani.

Shimo linachimbwa kwangu.

Jumanne, 13 Agosti

Fundi Clement na wenzake wawili wameanza. Mita mbili na nusu. Udongo mweusi. Mimi nimekaa ukingoni natoa maelekezo. Clement akaniomba nisimame upande wa pili, kisha upande mwingine, kisha nyumbani.

Felisita kanipikia kuku.

Alhamisi, 15 Agosti

Mita saba. Vumbi.

Nikawaambia mita za zamani zilikuwa ndefu. Clement akasema hajawahi kusikia. Nikasema aendelee, miaka ile kila kitu kilikuwa kikubwa.

Leo hakuna kuku.

Ijumaa, 16 Agosti

Mita tisa. Mwamba. Sululu inatoa cheche. Nilishuka mwenyewe kwa kamba, nikalamba ukuta. Mkavu. Nikiwa chini nikamsikia Mayige juu akiwaambia watu shimo la mkwe lina faida yake, ukoo mzima ukifa siku moja wote wanaenea.

Jioni Clement kafungua maksai. Yule mwenye baka jeupe. Kawaambia poleni, mapatano ni mapatano. Mama mkwe kasimama mlangoni mwa zizi mpaka maksai kapotea barabarani. Aliyebaki akawa anaita. Ameita mpaka giza limeingia.

Felisita kapita mbele yangu mara nne. Hajaniona.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimejitetea. Nilikuwa na haki. Asubuhi Paschal kaleta shauri kwamba nirudi mjini na ndoto zangu, na Mayige akaongeza kwamba marehemu naye inabidi aulizwe. Hasira zikanipanda. Nikavua soksi mbele ya watu, nikawatupia karatasi. Nikasema si mimi! Ni serikali! Serikali ndiyo iliyokosea, na mhuri huu hapa!

Walirudi nyuma kidogo, kwa sababu ya soksi. Felisita akaziokota. Yeye kamaliza kidato cha nne, akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Hatua sitini kaskazini mwa zizi la Mayunga. Oktoba, 1976.

Mama mkwe akasema asome tena. Akasoma tena.

Mayu akakaa chini. Nikadhani anaanguka. Anacheka! Machozi yanamtoka. Mimi nikacheka kidogo, kusaidia. Akanyamaza ghafla, na mimi nikanyamaza. Akaongea nami moja kwa moja, bila kupitia kwa mtu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nioe.

Akasema: wewe baba, zizi lile limehama mara nne. Mavi yakijaa, likiwa tope, tunahamisha ng'ombe, pale pa zamani tunapanda mahindi. Mkoa huu mzima unajua. Mwaka sabini na sita mimi nilikuwa mwali nimeolewa mwezi mmoja, zizi lilikuwa kule chini, penye mahindi ya Paschal. Hao watu wenye chuma cha kutobolea niliwapikia mimi mwenyewe. Walitoboa mashimo kumi, wakaandika, wakafunga mizigo, wakaondoka. Hakuna aliyetuambia walichoandika. Miaka arobaini na nane nateka maji mtoni kwenye mchanga.

Halafu akaniuliza kwa nini sikusoma karatasi mbele yake siku niliyofika. Kwamba angenionyesha mlango wa zizi lile hata akiwa amefumba macho.

Nikasema nilitaka kuwashangaza.

Nadhani hawakunielewa.

Jumapili, 18 Agosti

Wameenda kanisani wote. Mimi nimeachwa na maksai. Hataki majani nikimpa mimi.

Mchana mama mkwe katembea mpaka kwenye mahindi, kafikiri, kasogea hatua tatu, kachomeka jiwe: mlango ulikuwa hapa. Felisita akahesabu sitini. Mama akasema hao watu walikuwa warefu, ongeza tano. Hakuna unga, hakuna ungo. Hata mbuzi hawakuja. Halafu akatuma ujumbe kwa Clement, aje, maksai wa pili yupo.

Nilijaribu kumzuia. Nilisema tusikimbilie serikali tena. Paschal akanishika bega akaniongoza mpaka kwenye kigoda.

Jumatano, 21 Agosti

Maji. Mita saba kasoro kidogo. Clement alipiga kelele kutoka chini, tukadhani kavunjika mguu. Wakavuta ndoo ya kwanza, tope. Ya tano ilikuwa safi. Mama mkwe kaonja, kampa Felisita, kampa Paschal, kampa Mayige. Mimi wa mwisho, lakini nimepewa.

Vigelegele. Clement kaondoka na maksai wa pili. Jozi imeisha. Kama ningesoma ile karatasi, mmoja angekuwepo. Hilo kalisema Paschal, hakuna aliyemwuliza. Felisita akasema atalima bustani ya kabichi hapo kisimani, auze Dutwa, wanunue ndama, ndama akue. Miaka mitatu, akasema. Minne.

Kwa hesabu zangu mimi ndiye niliyeleta maji. Karatasi ilikuwa kwenye soksi ya nani?

Ijumaa, 23 Agosti

Balaa. Felisita kachukua karatasi zote tatu, kaziandika upya kwa maandishi makubwa, mashimo yote kumi, na chini kaeleza jinsi ya kuandika barua kwa Bwana Hemed ili vitongoji vingine wapate za kwao. Kabandika ukutani ofisi ya kijiji. Bure! Nilimkimbilia, nikamwambia anabandika mtaji wetu. Akapaka gundi zaidi.

Watu wanakuja na bibi zao. Bibi anasomewa, anafikiri, ananyoosha mkono. Hata mashimo makavu wanayashangilia, kwamba sasa wanajua wasichimbe wapi. Mzee Sayi alikuwa apeleke fahali wake kwa Clement wiki ijayo kuchimba pale pale palipoandikwa "chumvi." Kamfunga tena zizini, anampapasa.

Mayige naye hajalala. Kaja na nakala yake, karatasi mkono wa kulia, kijiti mkono wa kushoto. Kijiti sasa kinalala chini pale bibi anaponyoosha. Wateja watatu kwa siku. Mtu yule hana aibu.

Jumatatu, 26 Agosti

Nikamkabili Felisita. Nikasema jambo moja limefanikiwa, maji hayo, tufunge mizigo.

Akaniuliza Bariadi tunapata maji wapi. Nikasema tunanunua kwa ndoo. Akageuka akaangalia kisima. Akasema jambo limefanikiwa, ndiyo, lakini nililifanikisha mpaka dakika ile niliponyamaza na karatasi soksini, na tangu hapo wamelifanikisha wengine. Halafu akasema kwa upole nikitaka nibaki, kabichi zinataka mtu wa kuteka maji asubuhi na jioni.

Mwanamume akae ukweni, amwagilie kabichi, shemeji zake wanapita na baiskeli wanamsalimia! Nikakataa. Nikamwambia nitarudi na jambo langu kamili, peke yangu, na atafunga mizigo mwenyewe.

Akasema sawa. Kanifungia michembe ya njiani. Goti safari hii liligusa chini. Hilo ndilo linalonisumbua.

Jumanne, 27 Agosti

Ofisini kwa Hemed kuna foleni! Wanavijiji, barua mikononi. Nimepanga mstari saa mbili kwa kitu nilichokigundua mimi. Nimeomba kitongoji kimoja upande wa Mkula, ambako Felisita hajabandika kitu. Hemed kasema, kama kawaida, nikaisome na wazee wa pale. Nikamwambia ndiyo, ndiyo.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimefika. Mzee Gregory, mwenye mashamba ya mpunga, anataka kisima. Nimemwambia nimeota. Kaamini papo hapo, mtu mzuri sana. Kaahidi mbuzi watatu na, nikifanikiwa, gari la kumrudisha Felisita na mizigo yake.

Karatasi nimeisoma peke yangu, kichakani. Mwaka 1977. "Hatua mia moja kusini mwa kanisa. Maji mita sita. Matamu."

Kosa langu kwa kina Felisita nimeshalijua. Zizi. Zizi linahama. Kanisa halihami! Nani amewahi kuona kanisa linahama? Kwa hiyo hakuna haja ya kuuliza bibi wa mtu.

Kanisa nimeliona, lipo pale barabarani, zuri, bati jipya, saruji bado inanukia. Mafundi walikuwa wanashusha ngazi. Nikaegemeza mgongo ukutani, nikatazama kusini, nikaanza kuhesabu. Hatua mia moja kamili. Mzee Gregory keshatuma watu wa kuchimba, wanaanza Jumatatu.

Shati langu limeharibika mgongoni. Rangi ya ukuta ilikuwa mbichi.